Watoto Saba Hadi Muyinga

Mama Asha, na ninyi wote wa hapa Nyamugari mnaokuja kwangu mkijifanya mnaomba chumvi kumbe mnatafuta habari: haya, nimeandika. Nimechoka kusimulia kipande kipande kibarazani huku ugali unaungua jikoni. Kila mmoja wenu ameondoka na kipande chake, na sasa nasikia huko mtaa wa Magarama wanasema eti tulitekwa njiani. Hatukutekwa. Someni wenyewe, na msinikatishe.

Kabla ya kuondoka

Ninyi mnanijua, ila najua karatasi hizi zitafika hadi Urambo kwa dada zangu na kwa watu ambao hawajawahi kuniona. Kwa hao naeleza. Mimi ni Mnyamwezi, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaolewa na Mrundi aliyekulia Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, fundi mwashi, mpole mpaka anaudhi. Aliporudi kwao nikamfuata na watoto saba. Hapa Gitega shule ikatushinda mapema tu. Wenzao wanasoma kwa Kirundi na Kifaransa, wangu wanajua Kiswahili, na Ester, mkubwa wangu, akarudishwa madarasa mawili akakaa na watoto wanaonyonya vidole. Nikawatoa wote. Nikapaka ukuta wa sebuleni rangi nyeusi ukawa ubao, nikaagiza vitabu kutoka nyumbani, nikafundisha mwenyewe. Ndiyo hiyo shule ya sebuleni mnayoicheka.

Shule yangu ina desturi moja. Asubuhi, jioni, na kila tunapotoka, napaza sauti: "Hesabu!" Ester, wa miaka kumi na minne, anaitika "Moja!" Mdogo wake Yona anaitika "Mbili!" Inashuka hivyo hivyo hadi kwa Pendo, kitindamimba wangu wa miaka mitano, ambaye ni "Saba!" Nikishasikia saba, roho yangu inatulia. Mama Asha, uliwahi kuniambia kwamba watoto hawahesabiwi kwa sauti, ni kujitafutia mkosi. Nilikucheka hadi nikakohoa. Nilikuambia mwanamke mwenye watoto saba ugenini asipohesabu atalala vipi?

Sasa, Baba Ester alikuwa Muyinga kwa mama yake anamrekebishia paa. Siku moja akapiga simu. "Mama anawataka wajukuu wote waje. Na anasema mmoja abaki akae naye." Nikauliza, "Mmoja yupi?" Simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Kesho yake akapatikana, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Njooni tu, tutaongea mkifika."

Mwanamume akikuambia tutaongea mkifika, jua maneno yameshaongewa. Nikajua ni Pendo. Bibi yake ndiye aliyempa jina, na akipiga simu lazima aulize, "Na yule mdogo hajambo?" Hapa kwetu mzee akibaki peke yake hupewa mjukuu wa kukaa naye, wala hakuna anayeshangaa. Lakini Pendo bado analala ameshika sikio langu. Nikajiapiza: naenda na saba, narudi na saba.

Nikamkalisha Pendo nikamfundisha kama ninavyofundisha herufi. "Mtu akikushika mkono akakwambia twende, hata akisema ni bibi yako, usiende. Kaa pale pale ulipo, piga kelele, mimi nitakuja. Umesikia?" Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia arudie. Akarudia neno kwa neno, maana ana kichwa chepesi yule mtoto.

Foleni ya mafuta

Tulisafiri na Papa Furaha, yule Mkongo wa Kivu anayepeleka marobota ya mitumba Muyinga kwa kamioneti yake, kile kilori kidogo. Watoto walikaa nyuma juu ya marobota, chini ya turubai, Ester akiwa mkuu wao. Mimi nilitaka kukaa nao. Papa Furaha akakataa kabisa. "Mama mzima ukae nyuma juu ya minguo? Batu batasema nini? We panda hapa mbele."

Tukapanda, tukaenda mpaka kituo cha mafuta, tukasimama. Mafuta mnajua yalivyo siku hizi. Mbele yetu kulikuwa na magari mpaka unashindwa kuona mwisho, na madereva wengine walikuwa wamelala hapo, wamefunga mashuka kwenye vioo. Tulikaa mpaka jua likawa utosini. Watoto waliimaliza mihogo ya njiani kabla hatujatoka mjini. Yona akaanza kuwafundisha wadogo zake kugawanya kwa kutumia magari ya foleni, na Ester nikamsikia akisema kwa sauti ya kuchoka, "Yona, wacha, leo si shule."

Nilikuwa nahesabu kila baada ya muda kidogo. "Hesabu!" Moja, mbili, tatu, mpaka saba. Papa Furaha akacheka. "Mama, hii batoto yako iko kama jeshi. Hapana ogopa, mi niko naangalia kwenye kioo." Nikamwambia kioo chake kina ufa. Akaniambia ufa uko upande mmoja tu.

Bariyeri

Tulipovuka mto Ruvubu tukakuta bariyeri, kizuizi cha polisi. Polisi kijana akafunua turubai, akaona watoto saba, akaniangalia mimi, akaangalia barabara inayoelekea upande wa Tanzania. Nilijua anachofikiria kabla hajasema: mwanamke mgeni, watoto wengi, siku ya shule, gari la mizigo.

"Hawa wote ni wako?" akaniuliza kwa Kiswahili cha kukwaruza.

"Ni wangu, afande."

"Mbona hawako shule?"

"Nawafundisha mwenyewe nyumbani."

Akanitazama kama nimemwambia nawafuga kwenye gunia. Akaita mwenzake. Mwenzake akauliza kwa Kirundi, nikaelewa nusu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyonitisha. Wakaniambia nishuke. Kichwani nikawaona watoto wangu wakishushwa mmoja mmoja, wakipelekwa kwenye ofisi fulani, wakigawanywa. Na kwa hofu hiyo hiyo nikafanya kitu pekee ninachojua kufanya. Nikapaza sauti: "Hesabu!"

Wakaruka wote chini wakapanga mstari barabarani kwa urefu. Moja! Mbili! Tatu! Pendo akapiga "Saba!" yake huku ameweka mkono kichwani kama askari. Yule polisi kijana akacheka mpaka akashika mtutu wa bunduki asianguke. Mwenzake akamuuliza Yona saba mara nane ni ngapi, Yona akajibu kabla swali halijaisha. Tukaruhusiwa.

Nilipanda gari huku ndani yangu najisifu. Nikamwambia Papa Furaha, "Umeona kazi ya hesabu?" Akasema, "Bon, nimeona." Nilijisifu njia nzima hadi Karuzi.

Karuzi, kwenye mvua

Karuzi tukapata pancha, na mvua ikatukuta hapo hapo. Ilikuwa mvua ile ya kwetu huku milimani, inayokuja mara moja kama mtu amemwaga ndoo. Tukajibanza kwenye upenu wa duka. Palikuwa na mama mmoja anachoma mahindi chini ya upenu huo, mama mnene ana kitambaa cha kijani kichwani, akatuchagulia mahindi laini na kutukatia parachichi. Watoto walikula kimya, maana njaa ilikuwa imewashika kweli. Hindi moja nikaliweka kwenye mkoba kwa ajili ya Pendo, kwa sababu alikuwa amekula parachichi tu na kusema tumbo limejaa. Baadaye angelitaka, namjua.

Gurudumu likapona. Papa Furaha akaanza kupiga honi. "Mama, twende, twende! Giza ikitukuta kwa hii barabara, tutalala porini." Kila mtu akakimbia kwenye mvua. Nikaingia mbele, nikateremsha kioo kidogo, nikapiga kelele: "Hesabu!"

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba.

Ile saba ilikuwa imefifia kidogo. Nikafikiri ni mvua inavyopiga turubai. Nikasema, "Twende."

Mbele ya Buhiga

Tulipita Buhiga mvua ikipungua. Nilikuwa nimeanza kupanga hotuba ya kumpa mama mkwe. Mama, nakuheshimu, lakini mtoto wa miaka mitano ni wa mama yake. Mama, nakuheshimu, lakini. Nilipofika hapo ndipo Papa Furaha akasimama kukaza kamba ya turubai. Nikashuka kujinyoosha, nikakumbuka hindi.

"Ester, mwamshe Pendo ale hindi lake."

Ester akainua kanga pale Pendo alipokuwa analala tangu asubuhi, pembeni ya robota la mwisho. Chini ya kanga palikuwa na furushi la mashuka.

Nikamwona Ester akiinua furushi lenyewe, kama kwamba Pendo angeweza kuwa chini yake. Akainua na mkeka. Halafu akaniangalia.

"Si ameitika?" nikauliza. "Si nimesikia saba?"

"Nilimwitikia mimi, Mama. Nilidhani amelala."

Ndivyo walivyozoea, kumbe. Pendo akisinzia wakati wa hesabu, Ester anabana sauti kidogo anasema "Saba" kwa niaba yake, ili mdogo asiamshwe na mimi nisikasirike. Yona anajua, wote wanajua. Ilikuwa huruma tu, na mimi mwalimu wao mwenye masikio makubwa sikuwahi kugundua.

Mkono wangu uliinuka. Sikumpiga, lakini uliinuka, na yeye aliuona. Kisha nikaanza kupiga kelele barabarani, sijui nilisema nini. Nawaambia ukweli, hofu ina ladha, ni kama kulamba betri. Ilinijaa mdomoni. Nilimwona mwanangu kila mahali: mtoni, kwenye mfereji wa maji ya mvua, kwenye gari la mtu asiyejulikana linaloelekea mpakani. Mwanamke aliyeogopa kunyang'anywa mtoto na bibi yake mzaa baba, ndiye huyo aliyemwacha barabarani kwa mkono wake mwenyewe.

Papa Furaha akatazama mshale wa mafuta. "Mama, esansi iko kidogo. Tukirudi Karuzi, Muyinga hatufike leo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Panda! Esansi si mtoto."

Kurudi Karuzi

Safari hii nilikaa nyuma. Yona alikuwa analia amejifunika uso. Ester alikaa mbali nami, macho makavu, midomo inatembea, na nilipomsogelea nikasikia anahesabu. Moja mpaka sita. Moja mpaka sita.

Tulipoingia Karuzi niliona watu wamejikusanya pale pale gari letu lilipokuwa limesimama. Watu wakijikusanya mvuani hawaangalii jambo jema. Niliruka kabla gari halijasimama, nikaangukia magoti kwenye tope, nikainuka.

Alikuwa hai. Amekaa kwenye tope, hasa pale gurudumu la nyuma lilipokuwa, amelowa chapachapa, na alikuwa anapiga kelele kwa sauti iliyokwisha kukauka: "Moja! Mbili! Tatu! Nne! Tano! Sita! Saba!" Halafu tena, "Moja!" Kila namba kwa sauti ya mwenyewe, ya Yona nzito ya kujifanya mwanamume, ya Ester ya upole. Alikuwa ametuita wote, mtu mmoja mmoja, na yeye mwenyewe mwisho. Pembeni yake alikaa yule mama wa mahindi, kwenye tope hilo hilo, ameshika kipande cha plastiki juu ya vichwa vyao wawili. Jiko lake kule upenuni lilikuwa limezimika.

Nilimshika mwanangu nikasikia mbavu zake zote. Akaniambia sikioni, "Nilikaa pale pale, Mama. Walinishika mkono nikakataa." Alikuwa ameenda nyuma ya duka kukojoa, basi. Kukojoa tu.

Yule mama akaanza kunieleza kwa Kirundi, haraka haraka, mikono hewani. Baadaye nilijua alikuwa anasema kwamba kila walipojaribu kumsogeza kwenye upenu mtoto alipiga mayowe na kuuma, na walipomsemesha hakuelewa kitu, kwa hiyo yeye akaona heri amfuate huko huko mvuani. Lakini wakati ule sikuelewa hata nusu. Nina miaka hapa Burundi, na mwanangu amekaa kwenye tope kwa sababu mama yake hakumfundisha hata kusema nimepotea kwa lugha ya watu wanaomzunguka.

Ndipo Ester akapita mbele yangu. Akapiga goti, akamshika yule mama mikono yote miwili. "Ni uwacu," akasema. "Murakoze cane, mama." Ni wa kwetu, asante sana. Kisha akaendelea, Kirundi kinamtoka kama maji, na yule mama akawa anamjibu, akamfuta machozi kwa kile kitambaa cha kijani, wakacheka kidogo, wakalia kidogo. Mimi nilikuwa mgeni wao.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza baadaye.

"Bombani. Kwa Asha."

Ndiyo, Mama Asha. Kwa mwanao. Na daftari zake za shule Asha alikuwa anampa Ester azisome, usijifanye hujui.

Tulilala kwa yule mama wa mahindi, sote, na Papa Furaha akalala garini. Mama huyo alitupikia maharage na ndizi, sufuria ya watu wengi. Nilimfunga Pendo kiunoni kwangu kwa kanga. Asubuhi Papa Furaha akatokea na jerikani la mafuta. Sikuuliza kalitoa wapi, na ninyi msiulize.

Muyinga

Mama mkwe alitupokea mlangoni, amevaa kitenge kipya. Aliishi Ulyankulu miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kwetu, ila kinapanda na kushuka kwa Kirundi. Yona kwa mazoea akaanza, "Moja ni Ester," na bibi akamziba mdomo na kiganja. "Wewe! Wajukuu zangu ni mbuzi?" Akamshika kila mmoja kichwani kwa mikono miwili, akataja jina lake, akamtazama usoni, ndipo akaenda kwa mwingine. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyeharakishwa.

Tukala. Sombe, yaani kisamvu, ugali wa muhogo, samaki wadogo wa ziwani. Baba Ester alikuwa anakwepa macho yangu, na kila alivyokwepa ndivyo hofu ilivyozidi kunipanda. Mwisho sikuweza tena. Nikaweka tonge chini.

"Mama, nakuheshimu. Lakini Pendo habaki."

Mama mkwe akashangaa. "Pendo? Pendo nimfanyie nini mimi? Na magoti haya nimbebe mgongoni?" Akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha. "Mwanangu, hukuambiwa? Niliyemtaka ni Ester. Na si mimi niliyeanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba, kwa simu ya baba yake."

Nikamgeukia Baba Ester. Akasema, "Nilitaka akwambie mwenyewe." Jamani, wanaume!

Ester alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Nimekunyima nini? Nimekufundisha kwa mikono yangu, nimeacha usingizi kwa ajili yako. Nini ulikosa kwangu?"

"Hujaninyima kitu, Mama. Hapa bondeni kuna shule, Baba aliulizia na wamekubali kunipokea. Nataka kukaa dawati moja na mtu ambaye si ndugu yangu."

"Utarudishwa madarasa nyuma!"

"Nirudishwe."

Nikasema hapana. Nikasema kwa jinsi mnavyonijua ninavyosema, mpaka majirani wa Muyinga wakasikia. Niliondoka mezani na siku iliyofuata sikumsemesha mtu isipokuwa Pendo.

Jioni ya siku hiyo Ester alinifuata uani nilipokuwa naanua nguo. Hakusogea karibu sana. Nikaona anautazama mkono wangu, ule wa barabarani.

"Mama, mimi siku zote nahesabu," akasema. "Hata wewe ukiwa umenyamaza. Nikichota maji nahesabu, nikifumba macho nahesabu. Nawafundisha kusoma wewe ukipika, nawaitikia wakilala. Pendo angepotea kabisa, ningekuwa nimempoteza mimi. Naogopa, Mama. Naogopa kila siku, na sijui hata naogopa nini."

Nilikaa chini palepale juu ya nguo safi. Kwa sababu nilikijua kitu hicho anachokisema. Kilikuwa changu. Nilikuja nacho kutoka Urambo, nikakilisha kila asubuhi kwa ile hesabu yangu, nami nilidhani nakibeba peke yangu. Kumbe nilikuwa nimempa mtoto wa miaka kumi na minne anisaidie kukibeba. Nikalia, na yeye akalia, na mkono wangu safari hii ukaenda kichwani kwake.

Bado sikusema ndiyo. Mimi si mtu wa kusema ndiyo haraka. Lakini asubuhi yake nilisimama dirishani nikamwona anakwenda bombani na wasichana wawili wa jirani, dumu kichwani, wanaongea Kirundi wote watatu kwa pamoja. Mmoja akasema kitu, Ester akacheka kwa kelele, kicheko ambacho sebuleni kwangu sijawahi kukisikia. Wadogo zake walikuwa wanacheza uani, wametawanyika huku na huku. Alipita katikati yao, akatoka, na hakugeuka nyuma hata mara moja kuwahesabu.

Nikaenda nikamwambia mama mkwe abaki naye.

Kurudi

Baba Ester alibaki kumalizia paa na kumwona binti akianza shule. Papa Furaha akatufuata, kamioneti tupu, na hakubishana nami tena kuhusu kukaa mbele. Nilitandika mkeka nyuma nikakaa katikati ya watoto, Pendo mapajani. Ester alisimama mlangoni kwa bibi yake, amevaa sketi ya sare aliyoazimwa, ndefu kupita kiasi. Hakulia. Mimi nililia kwa wote wawili.

Njiani niliogopa kama nilivyoogopa wakati wa kwenda, msifikiri nimepona. Niliogopa atalala na njaa, watamcheka, atapata homa na mimi niko mbali. Karuzi tulisimama nikampa mama wa mahindi sukari na sabuni, akamtafuta Ester kwa macho. Sikuwa na Kirundi cha kumweleza. Yona akajaribu maneno mawili matatu, naye akaelewa, akanishika bega.

Tukapanda tena. Turubai likafungwa. Na mdomo wangu, bila mimi kuutuma, ukasema, "Hesabu!"

Wote wakanitazama. Hakuna aliyetaka kuanza, kwa sababu wa kuanza hakuwepo, na Yona hakuweza kusema mbili kabla ya moja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema basi, tuache, tusihesabu tena maisha yetu yote.

"Moja!" akasema Pendo mapajani kwangu, kwa ile sauti ya upole, ya dada yake.

Yona akafuata: "Mbili." Wakaendelea, tatu, nne, tano, sita, hadi Pendo akarudi kwenye sauti yake mwenyewe akamaliza.

Papa Furaha akapiga kelele kutoka mbele, "Mama! Batoto iko yote?"

"Wapo wote," nikamwambia. "Twende."